Waya mmoja, mitandao miwili: kisa cha fremu za NetWare

Mwaka 1993 kampuni ya Novell, yenye makao Provo katika jimbo la Utah nchini Marekani, ilitoa toleo la 3.12 la NetWare, mfumo wa seva uliokuwa umeenea sana maofisini wakati huo. Ndani ya toleo hilo, na ndani ya NetWare 4.0 iliyotoka mwaka huohuo, kulikuwa na badiliko ambalo mafundi wengi walilijua baada ya kuumia. Aina ya fremu (kifurushi cha baiti kinachobeba data kwenye waya) ambayo mfumo hujichagulia wenyewe, fundi asipogusa kitu, ilikuwa Ethernet_802.3. Sasa ikawa Ethernet_802.2. Majina hayo yanatofautiana kwa tarakimu moja, na kwenye waya tofauti yao ni baiti tatu. Baiti hizo tatu zilitosha kufanya kompyuta zilizofungwa kwenye kebo moja, meza na meza, zisijuane kabisa.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha ufungashaji wa itifaki, yaani jinsi ujumbe wa itifaki moja (kanuni za mawasiliano) unavyotiwa ndani ya mwingine, ukiwa kazini, mahali ambapo unaweza kuhesabu baiti kwa kidole. Vijana wengi wanaosomea mitandao wanayataja matabaka saba ya OSI, mfano wa kinadharia wa kuzigawa kazi za mtandao, kutoka juu hadi chini bila kusita. Waulize sasa: fremu ikishafika kwenye kadi, kompyuta inajuaje kama kilichomo ndani ni IP (itifaki ya intaneti), IPX (itifaki ya Novell) au kitu kingine? Hapo wengi hunyamaza. Mimi naliona swali hilo kuwa la kwanza kufundishwa, kabla ya matabaka yenyewe, kwa kuwa matatizo mengi ya mtandao wa ndani huanzia hapo.

Hali ilivyokuwa

Kisa kilijirudia kwa sura ileile kila kilipotokea, kwa hiyo nitachukua ofisi moja ya mfano. Kuna seva moja ya NetWare 3.11 yenye kadi ya mtandao ya NE2000. Kebo ni koaksi nyembamba, ile ya 10BASE2, inayopita nyuma ya meza moja hadi nyingine. Kila kompyuta imeshikizwa kwa kiunganishi cha umbo la T, na kila ncha ya kebo imefungwa kizibo cha ohm 50. Kiwango kinaruhusu kipande kimoja cha kebo hiyo kifike mita 185 na kibebe kompyuta 30; ofisi yetu haijafika hata nusu. Kompyuta zote zinatumia DOS. Asubuhi zinawashwa, zinaipata seva, watu wanaendelea na kazi.

Kisha zinanunuliwa kompyuta mpya. Fundi anazisimika kwa diski mpya zilizokuja na 3.12, kwa kuwa seva nayo imepangiwa kupandishwa toleo baadaye. Programu zinapakiwa kwa mpangilio wake: LSL inayounganisha draiva na itifaki, draiva ya kadi, IPXODI ya itifaki ya IPX, halafu VLM inayoitafuta seva. Hakuna inayolalamika. Draiva inaitambua kadi na kuionyesha anwani yake ya baiti sita. Mwishoni tu ndipo unapotokea ujumbe kwamba seva ya mafaili haikupatikana.

Wa kwanza kushukiwa ni kebo, na kwa haki. Katika 10BASE2 kizibo kimoja kikilegea, kipande kizima kinaanguka. Ila hapa kompyuta za zamani zinafanya kazi muda wote huo kwenye kebo hiyohiyo, na hilo peke yake linapunguza shaka. Fundi anachomoa kompyuta mpya, anachomeka ya zamani kwenye T ileile: seva inapatikana. Anarudisha mpya: haipatikani. Kebo imeachiwa. Anahamisha kadi ya zamani kwenye kompyuta mpya, na bado seva haionekani. Kadi nayo imeachiwa. Anaangalia kama seva imeishiwa leseni za watumiaji, nafasi zipo.

Kipimo kilichofungua fumbo kilikuwa COMCHECK, programu ndogo ya Novell iliyokusudiwa kupima mawasiliano kati ya kompyuta bila kuhitaji seva. Kila kompyuta inayoiendesha hujitangaza kwa wenzake na kuorodhesha wale inaowasikia. Ukiiendesha kwenye kompyuta zote za ofisi hii, kompyuta za zamani zinaonana zenyewe kwa zenyewe, na mpya zinaonana zenyewe kwa zenyewe. Hakuna hata moja ya kundi hili inayoonekana kwa kundi lile. Kuna mitandao miwili kamili, yote mizima, kwenye waya mmoja, na kila mmoja hauna habari za mwenzake.

Fundi anayefika hapa ameshapata jibu, hata kama bado hajalipa jina. Umeme unapita na fremu zinafika. Kadi zinazipokea, kwa kuwa tangazo la kwa wote hupokelewa na kila kadi iliyopo kwenye kebo. Kwa hiyo fremu zinatupwa baada ya kupokelewa, ndani ya kompyuta, na programu ambayo haikuzitambua.

Baiti za kumi na tatu na kumi na nne

Sasa tuifungue fremu. Kila fremu ya Etheneti (mfumo wa mawasiliano unaotumia kebo hii), ya jana na ya leo, huanza na anwani ya mpokeaji yenye baiti 6, halafu anwani ya mtumaji yenye baiti 6. Zinafuata baiti mbili, ya 13 na ya 14. Baada ya hapo ni mzigo, kuanzia baiti 46 hadi 1500, na mwishoni baiti 4 za kuhakiki kama fremu imefika salama. Ugomvi wote uko kwenye baiti hizo mbili za katikati na kinachozifuata mara moja.

Kompyuta ya DOS inapotafuta seva hutuma tangazo fupi la kuuliza: ni seva gani ya mafaili iliyo karibu? Pakiti hiyo ya IPX ina kichwa cha baiti 30 na swali la baiti 4, jumla baiti 34, yaani 0022 kwa heksadesimali (namba za msingi wa kumi na sita). Kichwa cha IPX huanza na sehemu ya baiti mbili ya hesabu ya uhakiki, ambayo kwa desturi ilijazwa FFFF kumaanisha kwamba hesabu haikufanywa. Kisha hufuata urefu wa pakiti. Kwa hiyo kila pakiti ya IPX ya swali hili huanza FF FF 00 22, kwa kompyuta mpya na ya zamani sawia. Mpaka hapo hakuna tofauti. Tofauti inaanza pakiti hiyo inapotiwa ndani ya fremu, kwa kuwa NetWare ilikuwa na njia nne za kuifungasha. Hivi ndivyo kila moja inavyoonekana kuanzia baiti ya 13:

Ethernet_802.3: 00 22, kisha FF FF 00 22
Ethernet_802.2: 00 25, kisha E0 E0 03, kisha FF FF 00 22
Ethernet_II: 81 37, kisha FF FF 00 22
Ethernet_SNAP: 00 2A, kisha AA AA 03 00 00 00 81 37, kisha FF FF 00 22

Kwenye Ethernet_II baiti mbili za katikati zinataja aina ya itifaki. 8137 ni namba ya IPX. Kwenye nyingine tatu baiti hizohizo zinataja urefu wa mzigo. Ndiyo maana 0022 inakuwa 0025 pale baiti tatu zinapoongezwa, na 002A pale zinapoongezwa nane. Hizo E0 E0 03 ni kichwa cha tabaka linaloitwa LLC, lililowekwa na kiwango cha 802.2 cha IEEE, taasisi ya wahandisi inayoweka viwango: baiti ya kwanza inasema mzigo uende kwa nani upande wa mpokeaji, ya pili inasema umetoka kwa nani upande wa mtumaji, ya tatu ni ya udhibiti. E0 ni namba ya IPX katika orodha hiyo. SNAP huongeza juu ya LLC baiti tano zaidi, tatu za shirika lililotoa namba na mbili za aina yenyewe, ili zile namba za zamani za Etheneti zipate pa kukaa.

Angalia sasa mstari wa kwanza. Kwenye Ethernet_802.3 ya Novell hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba hii ni IPX. Urefu upo, kisha pakiti inaanza papo hapo. Ni barua iliyotiwa ndani ya bahasha yenye uzito wake juu, bila kutajwa ni ya idara gani. Mafundi waliiita 802.3 ghafi, na jina hilo linaifaa.

Kompyuta ya zamani inapopokea 00 25 E0 E0 03, draiva yake inasoma urefu, inatazama baiti mbili zinazofuata, inakuta E0 E0 mahali ilipotarajia FF FF, na kwa kuwa hakuna programu iliyojiandikisha kupokea fremu za 802.2, inaitupa. Haiandiki kosa, kwa sababu kwake si kosa. Kwenye waya wenye itifaki nyingi ni kawaida kupokea fremu zisizokuhusu. Kompyuta mpya nayo inazifanyia vivyo hivyo fremu ghafi. Kila upande unafuata utaratibu wake kikamilifu.

Kuna jambo jingine lililowaficha mafundi ukweli. Fremu ya Etheneti haipaswi kuwa chini ya baiti 64, kwa hiyo mzigo usiofika baiti 46 hujazwa sufuri. Swali letu la baiti 34 linajaziwa baiti 12. Likiwa na LLC linajaziwa 9. Likiwa na SNAP linajaziwa 4. Fremu zote nne zinatoka kwenye kadi zikiwa na ukubwa uleule wa baiti 64. Aliyekuwa akihesabu fremu na ukubwa wake hakuona chochote cha ajabu. Ilibidi kuzifungua na kusoma.

Fremu ghafi ilitoka wapi

Ni rahisi kuilaumu Novell, na wengi walifanya hivyo. Mimi naona ni haki kutazama kwanza tarehe.

Etheneti ilizaliwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox PARC, California, mikononi mwa Bob Metcalfe na David Boggs. Mwaka 1980 Digital, Intel na Xerox zilitoa pamoja maelezo yake ya wazi, na mwaka 1982 toleo la pili, ambalo ndilo linalobeba jina la Ethernet II hadi leo. Katika maelezo hayo baiti za 13 na 14 zilikuwa za aina ya itifaki. Wakati huohuo IEEE ilikuwa imeanzisha mradi wa 802, nao ulitaka kiwango kimoja cha kutambua itifaki kitakachofaa Etheneti na aina nyingine za mtandao wa ndani, kama Token Ring. Kazi hiyo ikapewa LLC katika 802.2. Mahali palipokuwa na aina pakawekwa urefu.

Kamati ya 802.3 ilitangulia kumaliza rasimu yake kabla ya ile ya 802.2. Novell ilikuwa inajenga bidhaa wakati huo. Ilikuwa na fremu yenye urefu, lakini tabaka la kutambua itifaki lilikuwa bado. Zaidi ya hapo ilikuwa na itifaki moja tu ya kubeba, IPX, iliyoijenga juu ya IDP, itifaki ya Xerox. Kwenye waya wa Novell kila kitu kilikuwa IPX. Kwa mtu aliyesimama pale mwaka 1983, kuandika kwenye kila fremu jambo ambalo kila mpokeaji analijua tayari kulionekana kuwa kazi bure.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki siku ulipofanywa, na ulikuwa mbaya kuanzia siku itifaki ya pili ilipoingia kwenye waya. Fremu isiyojitambulisha inategemea majirani wakae kimya. IP ilipoanza kupita kwenye kebo hizohizo, kilichobaki kumwambia mpokeaji kwamba hii ni IPX ghafi kilikuwa ile FFFF ya mwanzo wa pakiti, iliyokuwa pale kwa sababu nyingine kabisa. Ikawa alama kwa bahati.

Bahati hiyo ilikuwa na gharama mbili. Ya kwanza, katika 802.2 namba FF upande wa mpokeaji ina maana yake rasmi: mzigo uende kwa wote. Kompyuta inayofuata 802.2 kwa uaminifu ikipokea fremu ghafi ya Novell inasoma FF ya kwanza kama tangazo la kwa wote, FF ya pili kama mtumaji, na baiti ya kwanza ya urefu wa IPX kama baiti ya udhibiti. Inajaribu kuelewa maneno ambayo hayakusemwa kwake. Ya pili, hesabu ya uhakiki ya IPX haikuweza kutumika kamwe kwenye fremu hizo. Ukiijaza namba halisi, FFFF inatoweka, na pamoja nayo inatoweka njia pekee ya kuitambua fremu. Novell ilipotaka kuwapa wateja wake hesabu hiyo, ilibidi fremu ghafi iondolewe kwenye nafasi ya chaguo la kwanza. Ndipo likaja lile badiliko la 1993, na naliona kuwa sahihi ingawa lilichelewa miaka kumi.

Jinsi ya kuwatambua wote kwa pamoja

Kadi moja inaweza kupokea aina zote nne bila kuchanganyikiwa, na njia yake inafaa kukaririwa. Soma baiti za 13 na 14. Zikiwa 0600 au zaidi, yaani 1536 na kuendelea, ni aina ya itifaki: hiyo ni Ethernet II. Zikiwa 05DC au pungufu, yaani 1500 kurudi chini, ni urefu: tazama baiti mbili zinazofuata. FF FF ni IPX ghafi. AA AA ni SNAP. Nyingine yoyote ni 802.2 ya kawaida.

Mpaka wa 1536 haukutoka hewani. Mzigo hauzidi 1500, kwa hiyo namba zilizo juu ya hapo haziwezi kuwa urefu, na 0600 ilikuwa namba ya XNS, itifaki za Xerox yenyewe. PUP, itifaki ya awali zaidi ya Xerox, ilikuwa na namba 0200, ambayo ingesomeka kama urefu wa baiti 512, ikahamishiwa 0A00. Mpango huo uliishi kwa makubaliano ya watengenezaji kwa miaka mingi, mpaka IEEE ilipoukubali rasmi mwaka 1997 katika 802.3x na kusema kwamba sehemu ile inaweza kuwa ama aina ama urefu.

Tiba na bei yake

Turudi ofisini. Njia ya haraka ni kufungua faili la mipangilio, NET.CFG, kwenye kila kompyuta mpya na kuandika:

Link Driver NE2000
    Frame Ethernet_802.3

Ukiwasha upya, seva inapatikana. Kwa ofisi inayohitaji kufanya kazi mchana huohuo, hii inatosha. Lakini unakuwa umewarudisha wapya kwenye njia inayoachwa, na seva ikishapandishwa toleo na kusimikwa upya kwa chaguo la kwanza, kisa kinarudi kwa upande wa pili: wote waliobaki ghafi wanaipoteza seva.

Njia ya pili ni kuipa seva masikio mawili. NetWare iliruhusu draiva moja ipakiwe zaidi ya mara moja kwa kadi moja, kila mara kwa aina yake ya fremu:

LOAD NE2000 PORT=300 INT=3 FRAME=ETHERNET_802.3 NAME=ZAMANI
BIND IPX TO ZAMANI NET=A1
LOAD NE2000 PORT=300 INT=3 FRAME=ETHERNET_802.2 NAME=MPYA
BIND IPX TO MPYA NET=A2

Tazama namba za NET. Moja ni A1, nyingine A2, na sharti zitofautiane. Hapa ndipo mfumo wenyewe unapokiri kile COMCHECK ilichoonyesha: kwa IPX, kila aina ya fremu kwenye waya ni mtandao kamili wenye namba yake. Seva inakuwa ruta kati ya mitandao miwili inayotumia kebo moja na kadi moja. Kompyuta ya zamani ikitaka kusema na mpya, pakiti inaingia sevani ikiwa ghafi, inavuliwa fremu yake, inavikwa ya 802.2, na kurudishwa kwenye kebo ileile iliyotoka. Inapita kwenye waya mara mbili.

Hiyo ndiyo bei. Seva za IPX zilitangaza njia na huduma kila baada ya sekunde 60. Ukiwa na aina mbili za fremu, matangazo yote hutoka mara mbili. Ukipakia zote nne kwa kudhani unajihakikishia usalama, yanatoka mara nne, kwenye kebo ya megabiti 10 kwa sekunde inayogawanywa na ofisi nzima. Na kama kuna seva ya pili kwenye waya, lazima namba zikubaliane kwa kila aina ya fremu. Seva mbili zikiitaja 802.2 kwa namba mbili tofauti, kila moja itaanza kuandika kwenye skrini yake kwamba kuna ruta iliyopangwa vibaya, na haitanyamaza mpaka fundi arekebishe.

Njia niliyoipendelea ni ya tatu, inayotumia ya pili kama daraja: pakia aina zote mbili, hamisha kompyuta za zamani kwenda 802.2 kidogo kidogo, halafu ondoa ghafi. Ugumu wake uko kwenye kompyuta kongwe zaidi, zile zilizokuwa zikitumia IPX.COM iliyotengenezwa kwa WSGEN, programu ya Novell ya kazi hiyo, na draiva ikiwa imeshonewa ndani yake. Hizo hazikuwa na NET.CFG ya kuchagulia fremu, zikabaki kwenye ghafi. Zililazimika kuhamishiwa kwanza kwenye draiva za ODI, zile zinazosoma NET.CFG, na hapo ndipo muda wa kazi ulikokwenda.

Walipoingia watengenezaji wengine, mambo yalizidi kuhitaji uangalifu. Windows NT ilikuja na uwezo wa kujitambulia fremu yenyewe. Ikisikia aina kadhaa na 802.2 ikiwamo, ilishika 802.2. Ruta za Cisco nazo ziliziita aina hizo kwa majina yake: novell-ether kwa ghafi, sap kwa 802.2, arpa kwa Ethernet II, snap kwa SNAP. Fundi wa seva na fundi wa ruta wakizungumza kwa simu, kila mmoja akishika jina lake, wangeweza kukubaliana jambo moja na kupanga mawili. Kusomeana baiti tano za kwanza baada ya anwani kulimaliza mjadala upesi kuliko majina yote hayo.

IP iliponusurika

IP nayo ilikuwa na njia mbili za kufungashwa kwenye Etheneti. RFC 894 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) ya mwaka 1984 iliiweka ndani ya Ethernet II kwa namba 0800. RFC 1042 ya mwaka 1988 iliiweka ndani ya 802.2 na SNAP, ambapo baiti nane za vichwa zinakula mzigo na kuacha 1492. Viungo vyote vya kisa kama cha NetWare vilikuwa tayari mezani.

Kilichozuia kisa hicho ni mstari wa kanuni. RFC 1122 ya mwaka 1989 ilisema kila kompyuta kwenye Etheneti lazima iweze kutuma na kupokea kwa njia ya RFC 894, na kwamba inafaa iweze kupokea ile ya RFC 1042 ikiwa imechanganyika na ya kwanza. Njia moja ikawa wajibu, nyingine ikawa hiari ya kupokea. Hakuna mtengenezaji aliyeweza kuchagua nyingine pekee na bado akadai anafuata kiwango. NetWare ilikuwa na njia nne halali na chaguo la kwanza lililohama. NetWare 5 ya mwaka 1998 iliweza kuendeshwa kwa IP tupu, na wateja walipohama kutoka IPX mjadala wa fremu ukafa nao.

Ila familia ile ya fremu zenye urefu haikufa. Nasa fremu kwenye mlango wa swichi inayoendesha itifaki ya kuzuia mizunguko, STP, na utaikuta pale: 00 26, kisha 42 42 03, kisha ujumbe wa baiti 35. Ni LLC halisi ya 802.2, ikipita kwenye waya mmoja na fremu za Ethernet II zinazobeba IP. Wireshark, programu ya kunasa na kusoma fremu, huziandika kwa majina mawili tofauti, na mwanafunzi makini atauliza kwa nini.

Kwenye Wi-Fi jambo liko wazi zaidi. Fremu ya 802.11 haina sehemu ya aina ya itifaki, kwa hiyo kila pakiti ya IP ya toleo la 4 inayotoka kwenye simu hubebwa nyuma ya AA AA 03 00 00 00 08 00. Kituo cha Wi-Fi kinapoipeleka kwenye kebo kinaziondoa hizo baiti, kinaiweka 08 00 kwenye nafasi ya 13 na 14, na fremu inaendelea ikiwa Ethernet II. Pakiti inayorudi inavikwa upya. Kazi hiyo inafanyika kwa kila fremu, saa zote.

Katika kazi hiyo kuna itifaki mbili zinazotengwa na nyingine zote. Fremu ya Ethernet II ikiwa na 8137, ile ya IPX, au 80F3, ya AARP (itifaki ya kutafutia anwani kwenye AppleTalk, mtandao wa kompyuta za Apple), inavikwa 00 00 F8 pale ambapo nyingine zinavikwa 00 00 00. Itifaki hizo mbili zilikuwa zikionekana kwenye kebo za zamani kwa Ethernet II na kwa SNAP pia, na bila alama hiyo anayezirudisha kwenye waya asingejua zilitoka kwenye fremu ya aina gani. Programu za Wi-Fi zilizomo ndani ya Linux zina ukaguzi huo hadi sasa: kabla ya kuivika pakiti, zinauliza kwanza kama ni IPX.